Pindo la Mkono Mwingine

Mama Pindo alipokuwa mgonjwa, nyumba yake haikukaukiwa na wageni. Walikuja na machungwa, wakaja na maombi, wakaja na habari za shangazi zao waliougua vilevile wakapona, na wengine, Mungu awasamehe, wakaja na habari za waliokufa. Kisha daktari akasema dawa zimekwisha, mionzi imekwisha, vipimo ni safi, nenda nyumbani ukaishi. Habari ikazunguka mtaa mzima. Watu wakashukuru, wakashusha pumzi, wakarudi kwenye shughuli zao. Mgonjwa hutembelewa, lakini aliyepona atembelewe kwa lipi? Machungwa yakakoma.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mama Pindo kwa sababu katika karakana ya Mzee Futi hapakuwa na mkono uliopinda nguo kama wake. Mashine zilifanya kazi yao yote, halafu nguo ikaletwa kwenye meza yake karibu na dirisha, naye akamaliza pindo kwa mkono, kwa mishono midogo ambayo hata mwenye nguo haioni. Mzee Futi mwenyewe alipewa jina hilo kwa ajili ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa kucha. Aliwahi kuonekana nayo hata msibani, imejificha chini ya koti, na alipoulizwa akasema bila futi anajiona yuko uchi.

Mzee huyo alikuwa na sheria moja ambayo wateja hawakuijua. Kila fundi wa mkono alikuwa na rangi yake ya uzi, na kabla ya kufunga pindo aliacha kifundo cha rangi hiyo kwa ndani, mahali pasipoonekana, ili nguo ikirudi na kasoro ijulikane ni nani wa kuulizwa. Kijani kilikuwa cha Mama Pindo. Njano ilikuwa ya Shoto, jirani yake wa mezani, mwanamke aliyeshona kwa mkono wa kushoto na aliyekuwa na mdomo usiojua likizo.

Kabla ya ugonjwa, wawili hawa waligombana tangu asubuhi mpaka jioni, na karakana nzima iliburudika. Waligombea mkasi. Waligombea dirisha, huyu anataka lifunguliwe, yule anataka lifungwe. Shoto alikuwa akisema Mama Pindo anatafuna uzi kama mbuzi aliyekosa malisho, na Mama Pindo alikuwa akijibu kwamba afadhali mbuzi, maana mbuzi angalau hunyamaza akila. Sasa Shoto alimwita dada. "Dada, usibebe hicho. Dada, kaa, nitakuletea chai. Dada, umechoka?" Redio ilipunguzwa sauti akiingia. Wenzake waliokuwa wakicheka habari za waume zao walikohoa, wakainamia mashine. Alikuwa akiketi katikati ya watu saba akajihisi kama amewekwa kwenye kabati la vioo.

Shida ilikuwa vidole. Dawa zilizoua ugonjwa zilipita pia kwenye ncha za vidole vyake na kuziacha na ganzi. Akishika sindano, ilikuwa kama ameazima vidole vya mtu. Daktari alisema huenda hisia zitarudi, huenda zisirudi, tuvute subira. Mama Pindo hakuivuta. Alimwambia daktari zimerudi. Akamwambia mumewe zimerudi, akamwambia na Mzee Futi. Alijua akisema ukweli ataambiwa apumzike, na kupumzika alikuwa ameshapumzika kiasi cha kumtosha mpaka kaburini.

Tusimwite mwongo haraka. Titi moja lilikuwa limeondoka. Nywele ziliondoka zikarudi laini, kama za mtoto wa mtu mwingine. Usingizi ulirudi nusu, hamu ya chakula ilirudi ikiwa na masharti. Katika vitu vyote alivyoingia navyo hospitali, kilichotoka kizima ni lile jina, na jina lilikaa kwenye meza ile ya dirishani. Akiondolewa pale, angebaki kuwa nani? Yule mwanamke aliyeugua?

Basi akashona kwa macho. Alitazama sindano inapoingia, akatazama inapotokea, akavuta uzi kwa kukisia. Mara nyingine alijichoma na hakujua mpaka aone doa jekundu kwenye kidole, akalifuta haraka kwenye gauni lake mwenyewe. Kazi iliyokuwa ikimchukua asubuhi sasa ilikula siku nzima. Lakini hakuna nguo iliyorudi. Mzee Futi, ambaye zamani alimrudishia mtu suruali kwa mshono mmoja uliolegea, sasa alipita mezani kwake akasema, "Vizuri, mama, vizuri," akaendelea na safari yake. Alimwambia hata asiwahi kazini. Aje jua likishapanda, hakuna haraka.

Wiki zikapita namna hiyo, na Mama Pindo akaanza kuamini uongo wake. Huenda kweli hisia zinarudi, alijisemea. Huenda mkono una akili yake ambayo haihitaji kuambiwa na vidole.

Nyumbani nako kulikuwa na upole mtupu. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu mkubwa wa kimyakimya, mwenye rangi za watu chini ya kucha. Wakati wa matibabu alihamia kwenye kochi la sebuleni ili mkewe ajinyooshe kitandani. Matibabu yakaisha, kochi halikuisha. Kila asubuhi alikunja shuka lake vizuri, akaliweka juu ya mto, na kila jioni akauliza, "Umekula? Umekunywa maji?" Binti yao aliyekuwa akisoma mbali alipiga simu kuuliza yaleyale. Mama Pindo alijibu nimekula, nimekunywa, na simu ikakatwa bila mtu kumsimulia jambo lolote.

Siku moja alijaribu kumchekesha mumewe. Alikuwa amejishonea kiziba cha pamba na mabaki ya bitana cha kujaza upande uliobaki tupu, na kiziba chenyewe kilikuwa mtoro, akiinama kinahamia kwapani. "Tazama," akasema, "leo limetaka kwenda dukani bila mimi." Mumewe alitazama sakafuni. Kisha akaenda kumletea maji. Mama Pindo aliyanywa, kwa kuwa yaliletwa, na akalala katikati ya kitanda kikubwa akitamani mtu yeyote amgombeze.

Sasa ndio tunafika kwenye sketi.

Ilikuwa mchana, Mzee Futi ameenda kuchagua vitambaa, Shoto ametoka kununua sindano. Akaingia karani mmoja wa benki na sketi ya kijivu aliyoichukua siku chache zilizopita. Alitaka iteremshwe kidogo, maana bosi wake mpya alikuwa mtu wa dini sana. Mama Pindo akaipokea, akamwambia asubiri kwenye kiti. Akaigeuza ndani nje. Kifundo cha kijani kilikuwa pale pale, kwenye mshono wa ubavuni.

Akalitazama pindo, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Mishono ilikuwa midogo, imepangana, hakuna uliovutwa wala uliolegea. Ilikuwa kazi nzuri kuliko hata za zamani. Machozi yakamlenga. Kumbe mkono umerudi, akawaza, na mimi nilikuwa na hofu ya bure. Alitaka kumwita mtu amwonyeshe. Akachukua wembe ili afumue, akautafuta mshono wa mwanzo, na hapo akasimama.

Mwanzo haukuwa mahali pake. Anayeshona kwa mkono wa kulia huanza kulia akaenda kushoto, na mishono yake hulalia upande mmoja. Mwenye mashoto huanza kushoto akaenda kulia, na mishono hulalia upande wa pili. Mteja hawezi kuona tofauti hiyo hata ukimpa miwani. Mama Pindo aliiona kama mtu anavyotambua sauti ya jirani yake nyuma ya ukuta. Pindo lote lilikuwa limelala upande wa pili.

Akaiteremsha sketi kwa mashine, kwa haraka, akamwomba karani radhi kwamba pindo la mkono lingechukua muda. Karani hakujali. Alipoondoka, Mama Pindo akaenda kwenye fimbo ndefu ya nguo zilizokamilika na kuzigeuza moja baada ya nyingine. Koti la bwana harusi lilikuwa na kifundo cha kijani, na pindo limelala upande wa pili. Gauni la msimamizi hivyo hivyo. Suruali ya mwalimu hivyo hivyo. Wenzake kwenye mashine walikuwa wameacha kushona. Aligeuka akawatazama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza anatafuta nini. Hapo akajua kwamba wote wanajua. Akachukua mkoba wake, akasema kichwa kinamuuma, akatoka. Walimwambia pole wote kwa pamoja.

Hakumwambia mumewe. Alikula, akanywa maji, akalala.

Asubuhi iliyofuata alifika karakana kabla ya wenzake. Mlango ulikuwa nusu wazi. Kabla hajaingia alisikia mtu anasonya, msonyo mrefu wa hasira ambao hakuwa ameusikia tangu alipougua. Shoto alikuwa ameketi peke yake, amempa mgongo, gauni la bluu mapajani, wembe mkononi, anafumua. Pembeni yake lilikuwa rundo la kazi ya Mama Pindo ya wiki ile.

Shoto alipogeuka, alijaribu kulikalia gauni. Hebu fikiria, mtu mzima na watoto wake, anakalia gauni la mteja.

"Dada. Mbona mapema?"

"Usiniite dada. Mbaya kiasi gani?"

"Nini?"

"Pindo langu. Mbaya kiasi gani?"

Shoto alitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu atakayekuja kumwokoa. Hakuja mtu. Akalitoa gauni chini yake, akalinyoosha mezani.

"Mbaya," akasema. "Tazama mwenyewe. Hapa umeruka. Hapa umevuta mpaka kitambaa kimekunjamana. Hapa uzi umetokeza nje. Mtu akivaa hili watamuuliza kama alipindiwa na fundi viatu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyorudi."

Mama Pindo akavuta kiti, akaketi. 

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unatabasamu." Sauti ya Shoto ikapanda. "Unajua naamka saa ngapi mimi? Naacha watoto wanajivalisha wenyewe, mdogo anakwenda shule shati nje ndani. Nafumua, nashona, narudisha kifundo chako kilipokuwa, halafu mchana nakaa hapa nakutazama unaharibu zingine. Nashona kazi ya watu wawili na siwezi hata kukusonya. Nimechoka. Nimechoka mpaka nakuchukia, halafu nakumbuka, najichukia mimi." Akajiziba mdomo. "Nisamehe, dada."

"Ukiniomba radhi tena nitakurushia mkasi."

"Utakosa," Shoto akasema kupitia vidole vyake. "Kwa mikono hiyo?"

Walitazamana. Mama Pindo ndiye aliyeanza kucheka, na Shoto akafuata, halafu Shoto akawa analia na Mama Pindo akamwacha alie, hakumletea maji. Alipotulia, akamuuliza jambo lililokuwa limebaki. Nani alianzisha? Mzee Futi hakuwa mtu wa kubuni huruma yenye mipango mirefu kiasi hicho.

Shoto akajipangusa pua. "Shemeji alikuja. Kabla hujarudi kazini. Alituomba tukuachie meza yako, vyovyote itakavyokuwa. Alisema usipokuwa na pa kwenda utaisha."

 Mama Pindo alichukua wembe wa pili, wakafumua pamoja mpaka wenzao walipoanza kuingia. Mzee Futi alipofika, Mama Pindo alimfuata mlangoni kabla hajakaa.

"Nitoe kwenye pindo," akamwambia.

Mzee alizungusha futi yake shingoni. Alimtazama Shoto, akaelewa, akazeeka kidogo pale pale aliposimama. "Labda pasi," akasema.

"Pasi ataungua asijue," Shoto akadakia kutoka mezani.

"Basi bitana za ndani ya makoti. Kwa mashine. Mishono iliyonyooka, ya ndani, haionekani." Akasita. "Ila ikipinda nitasema, mama."

"Sema."

Akapewa mashine ya nyuma, karibu na stoo, mahali wanapokaa wanaojifunza. Msidhani ukweli ulimfariji. Alishona bitana polepole, akiongoza kitambaa kwa macho, na kila alipoinua kichwa aliiona meza ya dirishani, tupu, jua limeikalia. Mchana Mzee Futi alimrudishia mkono mmoja wa koti akasema umepinda, na ulikuwa umepinda kweli. Aliufumua. Wakati wa chai mfanyakazi mmoja alimwita Mama Pindo, kisha akasita, hajui kama jina bado linafaa. Yeye pia hakujua. Alirudi nyumbani amechoka kwa namna mpya, mikono mitupu.

Mumewe alikuwa kwenye kochi, anajikwangua rangi kwenye kucha kwa kisu kidogo. "Umekula?" akauliza.

"Ulikwenda kwa Mzee Futi."

Kisu kikasimama. Hakukana. Alikuwa na tabia hiyo nzuri, kwamba uongo wake ulikuwa wa kutenda tu, kwa mdomo hakuuweza.

"Ulikuwa unaangalia ukuta," akasema. "Kutwa. Mimi kazi yangu ni kuta, lakini sijaona mtu akiangalia ukuta vile. Nikaona daktari amekurudisha, halafu mimi nitakupoteza humu ndani, umeshapona."

"Ukaona bora nichekwe."

"Hakuna aliyecheka."

"Ndiyo," Mama Pindo akasema. "Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenisema, hakuna aliyenigombeza. Hata wewe. Unalala hapa kama mlinzi. Nimekuwa peke yangu tangu nipone. Nilipokuwa nakufa nilikuwa na watu."

Alikuwa hajapanga kuyasema hayo. Yalipotoka, aliketi kwenye ncha ya kochi, juu ya shuka lililokunjwa. Mumewe alikiweka kisu chini, kwa uangalifu, kama mtu anayenunua muda.

"Nakuogopa," akasema. "Naogopa nitakuumiza nikikugusa. Naogopa nitagusa pale, uone uso wangu."

"Ungekuwaje, uso wako?"

"Sijui. Ndicho ninachoogopa."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Pindo akavuta pumzi.

"Na mimi nilikudanganya," akasema. "Vidole havijarudi. Sihisi kitu."

"Najua."

"Shoto alikuambia."

"Hapana. Siku ile uliponishika shavu. Ulisema leo umenyoa vizuri, laini." Akajigusa kidevu. "Nilikuwa na ndevu za siku tatu."

Akaikumbuka siku hiyo. Alikuwa amefurahi sana siku hiyo, kwamba ameweza kusema jambo la mke kwa mume, na mumewe alikuwa amesimama mbele yake na ndevu zake, amenyamaza, anajua. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alitaka kuinuka aende chumbani, lakini mumewe alikuwa amevishika vidole vyake. Aliona amevishika, hakuhisi. Mumewe akaugeuza mkono, kiganja juu.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Hisia zinapoishia."

Akaweka kidole gumba chake, kikiwa na rangi nyeupe kwenye ukucha, juu ya ncha ya kidole cha shahada cha mkewe. Akakandamiza.

"Hapa?"

"Hapana."

Akasogeza kidogo. "Hapa?"

"Hapana."

Akafika kwenye kiungo cha kwanza, akavuka. Alikuwa anakwenda taratibu, kama anavyofuatisha ukingo wa dirisha kwa brashi nyembamba, asitie rangi kwenye kioo. Mama Pindo alifumba macho ili asidanganywe nayo. Katika giza hilo hakukuwa na mkono, hakukuwa na mume, kulikuwa na sauti tu inayouliza.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

Alisubiri. Alisubiri kwa muda, na alianza kuogopa kwamba labda zinaishia mbali kuliko alivyofikiri.

"Hapa?"

Kilikuwa kitu kidogo sana, kizito na cha moto, chini ya kidole, pale kiganja kinapoanza.

"Hapo," akasema. "Hapo nipo."

Mumewe hakuondoa kidole.